Tovuti Ikimkwamisha Mgeni, Kosa Si la Mgeni

Mzee mmoja alifika studio kwetu jioni akiwa juu ya bodaboda, simu mkononi. Alikuwa amefiwa na dada yake alfajiri ya siku hiyo. Mjukuu wake alimwambia kuwa siku hizi matangazo ya msiba yanapokelewa kwenye tovuti ya redio, hakuna haja ya kusafiri. Wawili hao walihangaika na fomu yetu tangu saa nne asubuhi. Fomu ilidai barua pepe, nao hawakuwa nayo. Walipoacha nafasi hiyo wazi, fomu iligoma na kufuta yote waliyokuwa wameandika. Wakaanza upya mara tatu.

"Mwanangu, mimi barua pepe ninaitoa wapi?" alituuliza. "Mnisamehe tu, sisi wazee hatuyajui mambo haya."

Tangazo lilisomwa usiku huo. Lingeweza kusomwa saa saba mchana. Baadhi ya ndugu wa mbali walilisikia basi la mwisho likiwa limeshaondoka, wakafika kesho yake maziko yameisha.

Mzee aliomba radhi, wakati waliopaswa kuomba radhi ni sisi. Fomu tuliiweka wenyewe, na barua pepe tuliidai wenyewe. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijifunza namna tovuti inavyosanifiwa upya ili watu wa kawaida waweze kuitumia. Makala haya yanaeleza tuliyojifunza. Yatamfaa mwenye duka, kikundi au ofisi yenye tovuti, na yatamfaa pia msikilizaji anayejaza fomu kwenye simu, akakwama, kisha akajiona mjinga.

Mambo mawili yanayopimwa

Wanaotengeneza tovuti huangalia mambo mawili. La kwanza ni urahisi wa kutumia: je, mtu aliyefika kwa mara ya kwanza anaweza kupata anachokitafuta bila kufundishwa? La pili ni kiwango cha wageni wanaokamilisha walichojia. Katika kila watu 100 waliofungua ukurasa wa duka, wangapi walinunua? Katika kila watu 100 walioanza kujaza fomu ya mkopo, wangapi walifika mwisho na kuituma? Wakiwa 8, kiwango ni asilimia 8.

Waliobaki 92 si wa aina moja. Wengine walikuja kuangalia tu, kama mtu anayepita sokoni akiuliza bei. Hao hawana tatizo. Lakini wapo waliotaka kununua, kuomba au kujiandikisha, wakashindwa njiani. Kazi ya kusanifu upya ni kuwatafuta hawa na kuondoa kilichowazuia. Kubadilisha rangi na picha bila kujua walikwama wapi ni sawa na kupaka rangi nyumba inayovuja.

Marekani: fomu ya bima ya afya

Mfano unaotajwa sana ni wa tovuti ya serikali ya Marekani, HealthCare.gov, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Ilikusudiwa kuwawezesha watu wasio na bima ya afya kulinganisha bima na kuchagua inayowafaa. Wageni walikuwa mamilioni. Kumbukumbu za vikao vya ndani zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha kuwa siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa 6 tu.

Sehemu ya tatizo ilikuwa ya mitambo, kwani mfumo ulizidiwa. Lakini kulikuwa na kosa la usanifu pia. Kabla mtu hajaona bei za bima, alilazimika kwanza kufungua akaunti. Fikiria duka ambalo mlangoni unatakiwa uandikishe jina, namba ya kitambulisho na makazi yako kabla hujaruhusiwa kuuliza bei ya sukari. Foleni yote ilikwama kwenye mlango huo mmoja, ikiwamo ya watu waliotaka kuangalia tu.

Marekebisho yalifanyika. Watu wakaruhusiwa kuangalia aina za bima na bei zake bila akaunti. Msimu wa kwanza ulipoisha mwaka 2014, watu wapatao milioni 8 walikuwa wamechagua bima kupitia masoko ya serikali kuu na ya majimbo. Kwa msimu wa pili, fomu yenyewe ilisanifiwa upya. Kwa waombaji wapya walio wengi, kurasa za kupitia zilipunguzwa kutoka 76 hadi 16, na fomu ikatengenezwa iweze kujazwa kwenye simu.

Watu walikuwa walewale, na hakuna aliyepelekwa darasani kujifunza kompyuta. Kilichobadilika ni tovuti.

Kitufe kimoja cha duka

Mfano wa pili ni wa duka kubwa la mtandaoni la Marekani, lililosimuliwa na mtaalamu Jared Spool mwaka 2009 bila kulitaja jina. Mteja aliyekwisha chagua bidhaa alipotaka kulipa, alikutana na fomu fupi. Ilikuwa na nafasi mbili, barua pepe na neno la siri, na vitufe viwili, "Ingia" na "Jisajili". Wenye duka waliamini kuwa fomu hiyo inawasaidia wateja wa kudumu.

Walipoketi na wateja na kuwaangalia wakinunua, waliona vingine. Wateja wapya walichukizwa kulazimishwa kujisajili. Walikuja kununua kitu, hawakuja kuanzisha undugu na duka. Wateja wa zamani nao hawakukumbuka walitumia barua pepe ipi wala neno gani la siri. Kila siku watu wapatao 160,000 waliomba kukumbushwa neno la siri, na asilimia 75 kati yao hawakurudi kumalizia manunuzi.

Suluhisho lilikuwa dogo. Kitufe cha "Jisajili" kiliondolewa, kikawekwa cha "Endelea", pamoja na maelezo mafupi kuwa si lazima mtu awe na akaunti ili anunue. Idadi ya wateja waliokamilisha manunuzi ilipanda kwa asilimia 45, na katika mwaka wa kwanza duka liliongeza mauzo ya dola milioni 300.

Somo si kwamba kila mtu abadilishe neno kwenye kitufe atatajirika. Duka hilo tayari lilikuwa na wateja waliotaka kununua, ila kulikuwa na kizuizi katikati ya njia.

Uingereza: anza na shida ya mtumiaji

Mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya Martha Lane Fox kuhusu huduma zake za mtandaoni. Wakati huo taarifa za serikali zilitawanyika kwenye mamia ya tovuti, kila wizara na kila shirika na yake. Mwananchi alipaswa kwanza kujua ni ofisi ipi inayohusika na jambo lake, ndipo aanze kutafuta. Mwaka 2011 kikaundwa kitengo maalumu cha kazi hiyo, na tarehe 17 Oktoba 2012 ikafunguliwa tovuti moja, GOV.UK. Baadaye wizara na mashirika zaidi ya 300 yalihamia humo.

Kitengo hicho kilichapisha kanuni zake za usanifu, na ya kwanza inasema kazi ianzie kwenye mahitaji ya mtumiaji, si ya serikali. Tofauti yake inaonekana hata kwenye ukurasa mdogo wa sikukuu. Mtu anayeufungua hana haja ya historia ya sikukuu wala salamu za waziri. Anataka kujua siku ya mapumziko inayofuata ni lini. Ukurasa huo unaonyesha tarehe hiyo juu kabisa, kwa maandishi makubwa. Tovuti hiyo haina mapambo, ni maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe kwa sehemu kubwa. Hata hivyo mwaka 2013 ilipewa tuzo ya usanifu bora wa mwaka na Jumba la Makumbusho ya Usanifu la London, ikiyashinda hata majengo.

Kanuni yao nyingine ni swali moja kwa kila ukurasa. Mtu anajibu, anabonyeza kuendelea, anakutana na linalofuata.

Kanuni hii wasikilizaji wetu mnaijua zamani

Yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa kitochi ameshaona usanifu wa namna hiyo. Unapiga namba fupi, unapata orodha. Bonyeza 1 kutuma pesa. Weka namba ya mpokeaji. Weka kiasi. Weka namba ya siri. Kila kioo kina swali moja, maneno ni machache, na mwisho unapata ujumbe unaothibitisha kuwa pesa imefika. Huduma hizi zilianza Kenya mwaka 2007 na kuja Tanzania mwaka 2008, na watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta walijifunza kuzitumia.

Kwa hiyo, mtu akisema wanakijiji hawawezi mambo ya mtandao, muulizeni: mbona pesa wanatuma? Mama anayeuza nyanya anapokea malipo kwa simu kila siku ya gulio. Akishindwa kujaza fomu ya tovuti, ni haki kuikagua kwanza fomu.

Kaa na watu watano

Namna bora ya kujua tovuti inakwamisha wapi ni kumtazama mtu akiitumia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa siku nyingi wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kuwa kuwatazama watu watano kunatosha kufichua matatizo mengi makubwa. Ni bora kuwatazama watano, kurekebisha, kisha kuwatazama watano wengine, kuliko kuwangojea watu mia kwa mara moja.

Tulijaribu wenyewe sokoni. Tulimpa kila mtu kazi moja: "Tafuta bei ya mahindi ya leo." Kisha tukanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana unaona mtu anapotea na mkono unakuwasha kumwonyesha. Ukimwonyesha, umeharibu jaribio, kwa sababu nyumbani kwake hutakuwapo.

Tuliona mambo ambayo ofisini hatukuyajua. Dada mmoja aliibonyeza picha ya gunia la mahindi mara nne akidhani ndiyo mlango, kumbe lilikuwa pambo. Kijana mmoja hakuviona kabisa vistari vitatu vya kufungulia menyu pale juu pembeni. Baba mmoja alisogeza ukurasa chini kupita picha za studio yetu, salamu za uongozi na picha ya sherehe, akasema, "Bei hazipo hapa," akaturudishia simu. Bei zilikuwepo, chini ya picha ya sherehe.

Pima, usibishane

Ofisini kila mtu ana maoni. Mmoja anapenda video, mwingine anataka kitufe chekundu. Njia ya kumaliza ubishi ni kuwaonyesha baadhi ya wageni ukurasa mmoja, wengine ukurasa wa pili, halafu kuhesabu.

Timu ya kampeni ya Barack Obama ilifanya hivyo mwishoni mwa mwaka 2007. Walitaka wageni wa tovuti waache anwani zao za barua pepe. Walijaribu maneno tofauti kwenye kitufe pamoja na picha na video tofauti, mchanganyiko wa aina 24, kwa wageni zaidi ya 310,000. Wengi katika timu waliamini video ingeshinda. Video zote zilishindwa na picha zote. Ulioshinda ulikuwa ukurasa wenye picha ya familia yake na kitufe kilichoandikwa "Jifunze zaidi" badala ya "Jisajili". Waliojiandikisha walipanda kutoka asilimia 8.26 hadi asilimia 11.6.

Tovuti ndogo yenye wageni 30 kwa siku haiwezi kufanya jaribio la ukubwa huo, kwa kuwa idadi ndogo hudanganya. Kwa tovuti kama hiyo, kuwatazama watu watano kunafaa zaidi.

Uzito wa ukurasa ni bando la mtu

Kwa wasikilizaji wetu jambo hili ni zito kuliko rangi na vitufe. Kila ukurasa unaofunguka unakula bando. Makala ndefu kama hii, ikiwa maandishi matupu, haifiki hata KB 20. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa na kupandishwa bila kupunguzwa inaweza kufika MB 3. Kwa bando la picha hiyo moja, msikilizaji angeweza kusoma makala kama hii zaidi ya mara 150.

Pale mtandao unaposhika kwa kusuasua, picha hiyo ndiyo inayofanya ukurasa uzunguke bila kufunguka. Mgeni hasubiri. Anafunga, na kwenye hesabu anaonekana kama mtu ambaye hakutaka, kumbe alitaka.

Yapo na mengine ya simu. Kitufe kisipungue upana wa karibu sentimita moja, ili kidole kilichotoka kulima kikibonyeze bila kugusa cha jirani. Maandishi yasiwe ya kijivu kwenye nyeupe, maana juani hayasomeki. Palipo na namba ya simu, mtu akiigusa ipige moja kwa moja. Na lugha iwe ile ambayo mgeni anaizungumza. Kosa linaloelezwa kwa Kiingereza cha mafundi halimsaidii mtu. Mwambie: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja," naye atarekebisha.

Kuvuta wageni kwa hila

Kiwango cha wanaokamilisha kinaweza pia kupandishwa kwa njia isiyo halali. Kisanduku cha kukubali kukatwa pesa kila wiki kinawekwa tiki tayari. Kitufe cha kukataa kinafichwa kwa maandishi madogo. Kuingia ni hatua moja, kujitoa ni hatua kumi. Mwingereza Harry Brignull alianza kuzikusanya na kuzipa jina hila za namna hii mwaka 2010, na tangu hapo zimekuwa zikipigwa vita.

Kipimo chake ni rahisi. Jiulize: mgeni akielewa kila kitu kilivyo, bado angebonyeza? Kama jibu ni hapana, hapo hakuna urahisi wa kutumia, kuna mtego. Nawe msikilizaji, ukiona tiki imewekwa kabla hujaiweka wewe, simama usome.

Kwa mwenye tovuti: pa kuanzia

Kama mna tovuti ya kikundi cha asali, duka la pembejeo, shule au chama cha ushirika, haya yanawezekana bila fedha nyingi:

1. Andikeni mambo matatu ambayo watu hupiga simu kuyauliza kila siku. Hayo ndiyo yakae juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

2. Pitieni kila swali la fomu. Ulizeni: jibu hili tunalitumia kufanya nini? Lisipotumika, lifutwe.

3. Msimlazimishe mtu kujisajili kabla hajaona bei au huduma.

4. Fungueni tovuti yenu kwenye simu ya bei ya chini, mkiwa mahali penye mtandao dhaifu, kwa bando lenu wenyewe.

5. Mketi na watu watano wasioijua tovuti hiyo. Wapeni kazi moja, nyamazeni, andikeni walipokwama.

6. Rekebisheni kidogo kidogo. Anayebadilisha kila kitu siku moja hatajua kilichosaidia ni kipi, na wageni wa zamani watapotea.

7. Mtu akimaliza, mwambieni wazi kuwa amemaliza na kitakachofuata ni nini.

Tulichobadilisha sisi

Fomu yetu ya matangazo ya msiba ilikuwa na maswali 14. Tulipoyapitia tuligundua kuwa kila idara iliongeza la kwake kwa muda wake. Barua pepe iliwekwa ili tupate pa kutuma matangazo ya biashara. Kwa ajili hiyo mzee aliyefiwa alizuiwa kutangaza msiba wa dada yake.

Sasa maswali ni manne: jina la marehemu, mahali na siku ya maziko, jina la anayetangaza, na namba yake ya simu. Namba hatukuiondoa, kwa sababu lazima tupige kuthibitisha kabla ya kusoma. Tangazo la uongo la msiba linaumiza familia kuliko fomu yoyote. Mtu akikosea swali moja, mengine hayafutiki. Bei za mazao zimepanda juu, na picha ya sherehe tumeitoa.

Bado hatujamaliza. Asiye na simu janja hawezi kuitumia fomu hiyo hata ikiwa na swali moja, ndiyo maana namba ya studio imeandikwa juu yake kwa maandishi makubwa, na mlango wa ofisi uko wazi kama zamani. Nawe ukikwama popote kwenye tovuti yetu, usiombe radhi. Tupigie, utuambie ulikuwa unatafuta nini na ulikwama wapi, nasi tutaanzia hapo kurekebisha.